Kwa Wanaoanza Kuchunguza Vijidudu vya Hewani Kando ya Ziwa Viktoria

Mwanafunzi anayefika Entebbe kukusanya vijidudu vya hewani huwa na haraka ya kuwasha pampu. Namshauri aanze kwa kuusoma upepo. Pwani ya Bahari ya Hindi ina kusi na kaskazi, pepo zinazoshika mwelekeo wake kwa miezi, lakini ufukweni mwa ziwa letu hewa hugeuka ndani ya siku moja: mchana nchi kavu hupata joto upesi na upepo huvuma kutoka ziwani, usiku nchi hupoa na upepo hurudi majini. Chujio lililoachwa likivuta hewa tangu asubuhi hadi usiku wa manane litachanganya bakteria wa ziwani na vumbi la barabarani na mbegu za kuvu za mashambani, na kuvitenganisha baadaye ni kazi ngumu mno. Badilisha chujio upepo unapogeuka, kisha andika mwelekeo, kasi, unyevu na hali ya jua, kwani miale ya jua huua bakteria wengi wakiwa bado hewani.

Vijidudu hutoka majini kwa njia ya viputo. Wimbi likivunjika huzamisha hewa, viputo hupanda vikizoa bakteria njiani, kisha hupasuka na kurusha matone madogo mno. Mwaka 1970 watafiti Duncan Blanchard na Lawrence Syzdek walionyesha kwamba matone hayo huweza kuwa na bakteria wengi mara nyingi kuliko maji yaliyoyatoa. Hata hivyo, maandishi mengi utakayosoma yanahusu bahari, nami sipendi kuona hesabu zake zikihamishiwa ziwani bila kufikiri: chumvi huzuia viputo kuungana, hivyo bahari hutoa viputo vidogo vingi kuliko maji yasiyo na chumvi. Chukua sampuli ya maji saa ileile unapochukua ya hewa, hasa katika Ghuba ya Murchison, karibu na Kampala, ambako Microcystis, bakteria wa kijani-buluu, hustawi na huweza kutoa sumu.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni chujio tupu la udhibiti, yaani lisilovutiwa hewa, la kulinganishia. Kifaa kinachovuta lita 28.3 kwa dakika hupitisha takriban mita za ujazo 1.7 tu kwa saa nzima, na hewa ya juu ya maji kwa kawaida ina seli chache kuliko ya nchi kavu, kwa hiyo DNA (chembe za urithi tunazosoma ili kutambua vijidudu) kidogo iliyomo katika kemikali za maabara, au iliyotoka mikononi mwako, inaweza kuzidi ile uliyoifuata. Kila unapotoka, beba chujio la ziada, lifungue palepale bila kuwasha pampu, kisha lipitishe hatua zote kama mengine. Mtu akikuonyesha matokeo yasiyo na chujio hilo, mimi nisingeyaamini.

Ukiwa kwenye mtumbwi, zima injini na ukielekeze kifaa upepo unakotoka. Wadudu wa ziwani, wanaopaa kama nguzo za moshi, wakitokea, funika kifaa mara moja. Kibali cha utafiti cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda kishughulikie mapema.

Sahani za agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, nazo usizidharau, ingawa huotesha sehemu ndogo tu ya bakteria waliopo: DNA husomeka hata ya bakteria aliyekwisha kufa, lakini koloni, yaani kundi la bakteria lililoota kwenye sahani, huthibitisha kuwa alitua akiwa hai.