MS na kuyumba: nguvu unayo, habari ndiyo inayochelewa

Safu ya wasomaji na wataalamu wa fiziotherapia. Barua zimefupishwa.

Nina miaka 34 na nimeishi na ugonjwa wa maltipo sklerosisi (MS) kwa miaka minne. Mchana natembea bila shida. Lakini nikifumba macho kuosha uso, au stima zikipotea usiku, nayumba kama mlevi. Mume wangu anasema miguu imekosa nguvu, nipande ngazi zaidi. Ni kweli? – Mama Z., Mombasa

Mama Z., ngazi hazitakudhuru, ila tatizo unalolieleza halitokani na nguvu. Ili usimame, ubongo husikiliza mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na vifundo vya miguu. Kwenye MS, kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na neva iliyovuliwa utando huo hupitisha ujumbe polepole. Njia ya kutoka unyayoni hadi ubongoni ni ndefu mno, kwa hiyo mara nyingi huko ndiko habari huchelewa. Mwili umeshaegemea upande ndipo ubongo unapoambiwa. Mchana macho yako yanaziba pengo hilo bila wewe kujua. Ukiyafumba, pengo linajitokeza.

Mazoezi yako basi yawafundishe hao mashahidi wengine wawili kazi. Simama kwenye kona ya chumba, mgongo uelekee kona, karibu na kuta lakini bila kuzigusa. Mbele yako weka kiti kizito, egemeo lake likuelekee. Mikono ielee juu ya egemeo kwa upana wa vidole viwili, isilishike. Kama sakafu ni kavu na nyayo hazina kidonda, vua viatu: unyayo mtupu hupata habari zaidi. Mara za kwanza awepo mtu karibu.

Anza kwa miguu iliyobana, macho wazi, sekunde 30, mara 3. Ukiweza bila kugusa kitu, ongeza jambo moja tu: geuza kichwa kushoto na kulia polepole mara 10. Hiyo ikikaa sawa, rudi kutazama mbele na ufumbe macho kwa sekunde 10, upande taratibu hadi 30. Kisha badilisha miguu: kisigino cha mmoja kando ya kidole gumba cha mwingine, na baadaye mguu mmoja mbele ya mwingine kabisa, kama anayepita juu ya ukingo wa mtaro. Blanketi lililokunjwa mara nne chini ya nyayo huja mwisho. Wengi huharibu hapa kwa kuongeza mawili kwa pamoja, blanketi na kufumba macho siku moja, wakashtuka na kuacha kabisa.

Kipimo cha ugumu ni hiki: usipoyumba hata kidogo, zoezi ni jepesi na halikufunzi kitu, ukikamata kiti kila jaribio, rudi hatua moja. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, siku nyingi za wiki, na usijihukumu kabla ya wiki 6. Wakati huohuo osha uso umeketi, au nyonga ikiegemea sinki, na tochi ilale kando ya mto.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 41. Nikitembea mgongo unapinda, shingo inatangulia, na goti la kulia linarudi nyuma kwa kishindo. Mwanangu ananiambia "baba, nyooka" kutwa nzima. Nanyooka, dakika moja tu nimerudi palepale. – Fundi, Tanga

Mpumzishe kijana, Fundi. Kujikaza hakudumu kwa sababu kinachokukunja kinaendelea kuvuta. Ukiangalia sakafu kwa kuogopa kujikwaa, kichwa kinakwenda mbele na uzito unakifuata. Kukaa kwenye mashine saa nyingi kumefupisha misuli ya mbele ya nyonga. Makalio, yanayotakiwa kukusimamisha, yamezoea kukaliwa tu. Goti nalo mara nyingi husukumwa na shavu la mguu lililokakamaa: kisigino kikikanyaga, kifundo hakikunjiki, goti linalipa. Misuli ya paja ikiwa dhaifu, goti hujifunga nyuma ili lisikunjike ghafla. Mtaalamu akikupima ana kwa ana ataona lipi linatawala.

Anza na shavu la mguu. Shika ukuta, mguu wa kulia nyuma, kisigino chini, vidole vielekee mbele moja kwa moja, goti limenyooka. Egemea mbele hadi uhisi mvuto, kaa sekunde 30, mara 3. Rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Ingia polepole: ukivuta kwa mshtuko, misuli ya mwenye MS hujibu kwa kukaza zaidi, na wayo unaweza kuanza kutetemeka. Halafu nyonga: lala chali ukingoni mwa kitanda, kumbatia goti la kushoto kifuani, mguu wa kulia uning'inie nje kwa sekunde 30.

Baada ya kunyoosha, jenga. Ukiwa chali na magoti yamekunjwa, nyanyua makalio, hesabu 3, shuka. Mara 8 hadi 10, mizunguko 2. Pumua, usibane pumzi.

Zoezi tunalolipenda kuliko yote ni kuinuka kitini. Kiti cha kimo cha sentimita 45 hivi, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Sogea mbele, vuta nyayo nyuma ya magoti, inamisha kifua hadi pua ipite vidole vya miguu, ndipo usimame. Shuka kwa hesabu ya 3. Kosa la kwanza ni kujitupa kitini. La pili ni kusukuma kiti kwa nyuma ya magoti ili upate egemeo. Ukifika juu, simama kabla goti halijajifunga, libaki laini. Hapo ndipo lile goti la kulia linafundishwa. Anza na mara 5.

Kazini, inuka kila nusu saa, hata kama ni kuchukua uzi tu. Kandambili ziache: wayo usionyanyuka vizuri hauwezi kuzishika, na vidole hukunjana kuzing'ang'ania. Vaa kiatu kinachofunga kisigino. Ncha ya kiatu ikiwa imelika kuliko kwingine, unaburuza wayo. Uliza kuhusu kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kuushikilia.

Shikamooni. Nikifanya mazoezi saa kumi jioni macho yanaingia ukungu na miguu inakuwa magogo. Nimeacha, nahofia najiharibu neva. – Binti wa Temeke

Marahaba. Hujiharibu. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hili mwaka 1890, kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni joto: joto la mwili likipanda hata nusu digrii, neva iliyopoteza utando hushindwa kupitisha ujumbe kwa muda. Zamani madaktari walimtia mgonjwa katika maji ya moto ili kuthibitisha MS! Ukipoa, dalili hupungua.

Kwa hali ya hewa ya Dar, saa kumi jioni chumbani si wakati wako. Jaribu saa kumi na mbili asubuhi, feni ikikuelekea, kanga iliyoloweshwa shingoni, maji baridi ya kunywa karibu. Oga maji ya baridi kiasi kabla ya kuanza. Fanya dakika 3, pumzika 2, na zoezi la kusimama liwe la kwanza, si la mwisho ukiwa umechoka. Ukungu ukianza, keti.

Ila dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 hata baada ya kupoa si joto hilo. Nenda kwa daktari. Vivyo hivyo ukiwa na homa, au mkojo unachoma: malaria na maambukizi ya mkojo huyumbisha mwenye MS kuliko mtu mwingine. Tiba kwanza, mazoezi baadaye.

Mguu wa kushoto ndio unaoburuza. Fimbo nishike mkono upi? – Mzee wa Morogoro

Wa kulia, mzee wetu. Wengi barabarani huishika upande wa mguu mbovu, mwili ukaulalia mguu huohuo. Fimbo na mguu wa kushoto viende pamoja. Kimo chake: simama wima umevaa viatu, mkono ukining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Kupanda ngazi tangulia na mguu mzima, kushuka itangulie fimbo pamoja na ule mbovu. Na kipira cha chini kikilika upande mmoja, nunua kingine siku hiyohiyo.