Maswali na majibu: ukoko wa sabuni kwenye beseni la kuogea

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinalalamikia kitu kimoja, ule utando wa kijivu unaong'ang'ania kwenye beseni la kuogea hata baada ya kuoshwa. Nimezisoma kwa huruma, maana karibu kila moja ni ya mtu aliyepiga magoti akasugua mpaka mabega yakamuuma. Hamstahili mateso hayo.

Shikamoo mama. Kila Jumamosi nasugua beseni kwa sabuni ya kipande na brashi ngumu mpaka jasho linanitoka. Likiwa limelowa linaonekana safi, likikauka weupe unarudi palepale. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Bidii unayo, ila dawa unayotumia siyo. Sabuni ya kipande hupikwa kwa mafuta na magadi makali, na ndani yake mna sodiamu. Maji yakiwa magumu, yaani yamebeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba yalikopita, madini hayo huisukuma sodiamu na kukaa mahali pake. Hapo huzaliwa kitu kingine kabisa kisichoyeyuka katika maji. Hutua kwenye kuta za beseni, hushikana na mafuta ya ngozi, na kikikauka kinakuwa ukoko. Wewe unausugua kwa sabuni ileile na maji yaleyale, kwa hiyo unachoondoa kwa mkono mmoja unakirudisha kwa mwingine.

Na kuhusu kuonekana safi likiwa limelowa: maji hujaa kwenye vitundu vidogo vya utando, mwanga ukapita, macho yasione kitu. Usihukumu kazi yako mpaka beseni likauke.

Ukoko huu huvunjwa na asidi. Siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi kama asilimia 5, huing'oa ile kalsiamu. Yanayobaki ni mafuta tu, na mafuta ni kazi ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ndiyo maana hivi viwili hufanya kazi vizuri pamoja kuliko kila kimoja peke yake. Kwa beseni la akriliki au faibaglasi, yaani yale ya aina ya plastiki, fanya hivi: fungua dirisha, mwagia beseni maji ya moto ili lipate joto, kisha futa maji yaliyobaki yasije yakaipunguza dawa nguvu. Changanya siki ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwa kiasi sawa, tia kwenye chupa ya kupulizia, pulizia kote, halafu ondoka. Ndiyo, ondoka. Nenda kafanye shughuli nyingine kwa dakika 20 au 30. Kwenye kuta zilizosimama dawa huteremka kabla haijafanya kazi, kwa hiyo loweka vitambaa vyembamba katika mchanganyiko huo na uvibandike juu ya madoa. Ukirudi, futa kwa sponji laini na suuza kwa maji mengi, maana sabuni ile huteleza vibaya. Ukoko wa miaka hauishi siku moja. Rudia kesho badala ya kukaza mkono leo.

Tahadhari moja: usiweke sabuni ya kipande ndani ya siki. Asidi huirudisha kuwa mafuta, na utapata madonge meupe yanayonata kuliko ukoko wenyewe. Sabuni nyingi za maji za vyombo zimetengenezwa kwa namna nyingine, hazina shida hiyo.

Niliambiwa nichanganye siki na bikaboneti, ile soda ya kupikia. Povu lilifoka vizuri sana lakini ukoko haukutoka. Je, soda yangu ilikuwa mbovu?

Soda yako ilikuwa nzima. Siki ni asidi na bikaboneti ni kinyume chake. Ukizikutanisha huuana nguvu. Lile povu ni gesi ya kaboni dioksaidi ikitoroka, na kinachobaki kwenye beseni ni kama maji yenye chumvi kidogo. Macho yanafurahi, ukoko unabaki ulivyo. Vitumie kwa zamu: siki na sabuni kwanza, suuza, kisha ukiona mabaki, tengeneza uji mzito wa bikaboneti na maji kidogo, usugue taratibu kwa kitambaa chenye unyevu. Hapo bikaboneti inafanya kazi ya unga laini wa kusugulia, na kazi hiyo inaiweza.

Jirani yangu anasema nikichanganya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na siki, hakuna doa litakalobaki. Ni kweli?

Nakuomba sana usifanye hivyo. Klorini ikikutana na asidi yoyote, iwe siki, maji ya limau au dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ileile iliyotumiwa kama silaha nchini Ubelgiji mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kiasi kinachotoka bafuni ni kidogo, lakini bafu ni chumba kidogo, mara nyingi mlango umefungwa, na mtu ameinama uso ukiwa karibu kabisa na dawa. Hata kutumia moja kisha nyingine bila kusuuza vya kutosha ni hatari. Dawa zenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, nazo hazipatani na klorini.

Ikitokea bahati mbaya, harufu kali ikakukaba koo, usibaki kumwaga wala kufuta. Toka nje kwenye hewa safi, wazuie wengine wasiingie, na kifua kikibana au kikohozi kisipokoma nenda hospitali mara moja.

Isitoshe, klorini haiuvunji ukoko wa sabuni. Inaua ukungu na kuufifisha weusi wake, basi. Watu wengi wanaumiza mapafu yao kwa dawa isiyohusika na tatizo walilonalo, na hilo linaniuma.

Beseni letu ni la zamani, la chuma kilichopakwa enameli. Naogopa siki italiharibu.

Hofu yako ina msingi. Enameli ni aina ya kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, na nyingi za zamani hazivumilii asidi; zikikaa nayo muda mrefu au mara kwa mara hupoteza mng'ao, na mng'ao ukishakwenda uchafu hushika haraka zaidi. Kwako anza na maji ya moto na sabuni ya vyombo peke yake, acha ikae, kisha uji wa bikaboneti kwa mkono mwepesi. Sehemu sugu kabisa, jaribu siki iliyozimuliwa kwa maji mahali palipojificha, dakika chache tu, usuuze na uangalie. Pakififia, acha.

Jiwe la marumaru halitaki asidi hata tone, maana lenyewe ni kalsiamu kaboneti na siki inalila. Saruji iliyo katikati ya vigae nayo hulika polepole. Mifereji inayong'aa usiiache na siki juu yake. Na akriliki, ingawa siki haiidhuru, haistahimili asetoni, ile iliyomo katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, hata kidogo: huilainisha na kuiachia doa lisilofutika.

Nitajuaje kama nilicho nacho ni sabuni au chokaa ya maji?

Pitisha kidole. Ukoko wa sabuni una utelezi kama nta na ukiukwangua kwa ukucha unajiviringisha. Chokaa ni ngumu, inakwaruza, na mara nyingi hujikusanya chini ya mfereji unaodondosha maji. Dondoshea siki: chokaa hutoa viputo vidogo, sabuni haitoi. Mabeseni mengi yana vyote viwili, safu juu ya safu, ndiyo maana mchanganyiko wa siki na sabuni hufaa.

Nimeshatumia nyuzi za chuma za kusugulia masufuria na sasa beseni la akriliki limejaa mikwaruzo. Nifanye nini?

Pole sana. Nami niliwahi kuharibu beseni la nyumba ya kupanga kwa namna hiyohiyo, na bado nakumbuka nilivyojisikia lilipokauka nikaona mistari. Mikwaruzo myepesi kwenye akriliki inaweza kupunguzwa kwa dawa ya kung'arishia plastiki, ukisugua kwa mizunguko midogo na kitambaa laini. Ile inayonasa ukucha inahitaji fundi. Kwa sasa suuza vizuri kila kona, maana vipande vya nyuzi hizo vikibaki hupata kutu na kuacha madoa ya rangi ya chungwa. Na jua kwamba ukoko utajificha ndani ya mikwaruzo, kwa hiyo usiuache ukomae.

Naishi na bibi yangu mwenye umri mkubwa. Utando huu unamtelezesha, juzi nusura aanguke. Nauzuiaje usirudi?

Mwanangu, swali lako lilipaswa kuwa la kwanza. Kila mtu anayetoka kuoga asuuze kuta za beseni kwa maji safi, kisha alifute kwa kitambaa kikavu mpaka chini. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo inayosaidia kuliko dawa zote nilizotaja, kwa sababu maji yanayokauka yenyewe ndiyo yanayoyaacha madini na sabuni pale. Pili, badilisha sabuni ya kipande na utumie sabuni ya maji ya kuogea. Nyingi hazifanyi ukoko hata kwenye maji magumu. Mafuta ya kuogea yanayomiminwa ndani ya maji yaepukwe kabisa, yanaongeza utelezi.

Siku ya kusafisha kwa siki na sabuni, suuza mara tatu, kausha, kisha pitisha kiganja chako chini ya beseni kabla bibi hajaingia. Kikiteleza, suuza tena. Mwekee mkeka wa mpira wenye vikombe vya kunata, na baada ya kuoga uunyanyue na kuutundika ukauke, kwa kuwa chini yake ndipo utando hujificha. Beseni likiwa na ukoko, vikombe hivyo havishiki, hivyo usafi uje kwanza, mkeka baadaye.