Timu changa ya chuo inafungwa kila mechi: kabla ya kumtimua kocha, hesabuni mipira mnayopoteza

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Wewe ni nahodha wa timu ya kikapu ya chuo, wachezaji tisa kati ya kumi na wawili ni wa mwaka wa kwanza, mmeshapigwa mechi saba mfululizo, serikali ya wanafunzi inataka kocha aondoke, na wewe unauliza uwaambie nini vijana ili morali irudi. Walionitangulia wamekushauri kikao, maombi, jezi mpya, na kuna mmoja kaanza kuzungukazunguka habari za kamati ya ufundi, yaani uganga. Mimi nasema morali iache kwanza. Tafuta daftari na kalamu.

Nilichezea timu ya chuo hapa Dar, na nilipomaliza nikabaki kumsaidia kocha kwa misimu kadhaa, jioni baada ya kazi. Hali yako tuliipitia hivyohivyo. Mwaka mmoja wakubwa wote walihitimu kwa mkupuo: namba moja wetu anayepandisha mpira, namba tano wetu mrefu wa chini ya goli, na yule jamaa ambaye ukimwachia nafasi pale kwenye mstari wa pointi tatu umekwisha. Muhula mpya tukapokea vijana waliotamba UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Vipaji wanavyo, wanaruka, mazoezini wanadanki mpaka watu wanaopita njia wanasimama kutazama. Ligi ilipoanza tukawa daraja la kila mtu.

Kilichokuwa kinatuchanganya ni kwamba hatukuwa tunazidiwa mwanzo mwisho. Robo mbili za kwanza tunakwenda nao sambamba, mara nyingine tunaenda mapumziko tukiongoza. Robo ya tatu wenzetu wanarudi na presi ya uwanja mzima, yaani wanatukaba tangu chini ya goli letu, na ndani ya dakika nne au tano mechi imeshaisha. Baada ya hapo kila mtu ana maelezo yake. Hawajui kulenga. Wafupi. Hawana moyo. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limewalevya. Kwenye kundi la WhatsApp la chuo ndiyo usiseme.

Tulikuwa na kijana mmoja kateguka kifundo cha mguu, yupo benchi na magongo yake, hana kazi. Kocha akampa kazi: chora uwanja kwenye ukurasa wa daftari, kila tunapopoteza mpira weka alama pale ulipopotelea. Basi. Usiandike nani kaupoteza. Yule dogo akatoa daftari lake la lekcha, akachora nyuma kabisa, akaanza.

Mechi ilipoisha hatukuhitaji kikao. Ule ukurasa ulikuwa mweupe sehemu kubwa, halafu kuna weusi kwenye kona mbili tu: kushoto na kulia, pale mstari wa katikati unapokutana na mstari wa pembeni. Kijana akishapewa presi anakimbilia pembeni kwa sababu kunaonekana kuna njia. Akivuka tu mstari wa kati, amejifungia mwenyewe. Pembeni kuna mstari, nyuma hawezi kurudi kwa sababu sheria inakataza, mbele wamemsimamia wawili wameinua mikono. Anaacha kudunda, anauinua mpira juu ya kichwa, anaurusha mrefu bila kuangalia. Umenaswa. Leiapu, mtu anafunga kirahisi chini ya goli. Kabla hajageuka kumlaumu mwenzake, ubao wa matokeo umeshabadilika.

Hapo hakuna suala la moyo. Sekondari huyo kijana alikuwa anawapita watu wanne kwa mbio kisha anafunga, hakuna aliyewahi kumletea watu wawili kwa mpango. Mwili wake unafanya kile kilichomfikisha chuoni. Sasa mpeleke kwenye ligi ya mkoa akutane na timu ya jeshi yenye wanaume wa miaka ishirini na nane waliocheza pamoja misimu mitano, halafu umwambie ajitume zaidi. Atajituma, tena atakimbilia konani kwa kasi kubwa kuliko jana.

Piga hesabu ndogo. Tuseme mnapoteza mipira thelathini kwa mechi na wapinzani kumi na tano. Mmewazawadia mashambulizi kumi na tano ambayo nyie hamkupata hata kurusha. Hata kwa timu za kiwango chetu zinazokosa sana, hizo ni pointi kumi na kitu. Mechi zenu saba mmefungwa kwa tofauti gani? Ukiangalia, nahisi nne kati ya hizo zimo humohumo.

Dawa yetu haikuwa mfumo mpya. Hili nalisisitiza, kwa sababu timu ikifungwa kila mtu anakuja na mfumo alioona kwenye video. Tulichukua vitu vichache tukavirudia mpaka vijana wakavichukia.

Kwanza, zile sekunde nane ambazo sheria inakupa kuuvusha mpira nusu ya uwanja. Vijana walikuwa wanaamini ni muda mfupi sana, ndiyo maana wanakurupuka. Kocha akawapanga wote kwenye mstari wa mwisho, akampa mmoja mpira, akamwambia tembea. Usikimbie, tembea kama mtu anayewahi daladala. Wengine wahesabu kwa sauti. Kiwanja kina mita 28, nusu yake ni 14. Yule kijana alivuka kabla hawajafika nane, na wenzake wakaanza kucheka. Kuanzia siku hiyo neno la benchi likawa "una nane!" badala ya "harakisha!"

Pili, watano dhidi ya saba, uwanja mzima, marufuku kudunda. Pasi tu. Wiki ya kwanza ni vichekesho, mpira haufiki popote. Lakini ukikatazwa kudunda unalazimika kumtafuta mtu wa katikati, na presi inavunjikia katikati. Mmoja lazima aje pale kati kupokea akiwa ameutazama mpira, akigeuka anautoa upande wa pili ambako hakuna watu. Na kabla ya kuvuka nusu, pasi ya nyuma ni halali. Kuna vijana hawajawahi kuambiwa hilo, wanaona kurudisha mpira nyuma ni uoga.

Tatu, mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa faulo. Timu nyingi zinafanya mazoezi yake mwanzoni, mtu amepumzika anatupa kumi mfululizo, anafunga nane, anajiona bingwa. Kwenye mechi hakuna anayetupa kumi. Unatupa miwili huku kifua kinapanda na kushuka. Kwa hiyo sisi ilikuwa: kimbia uwanja mara mbili, tupa miwili, toka, mwenzako aingie. Mkikosa, wote mnakimbia tena. Na wakumbusheni vijana hesabu ya faulo za timu, kuanzia ya tano kwenye robo mpinzani anatupa miwili hata kama faulo imefanyika kizembe katikati ya uwanja. Timu changa zinagawa pointi nyingi sana kwa kumshika mtu ambaye hana hatari yoyote.

Sasa usitegemee matokeo yabadilike wiki hiyohiyo. Sisi tuliendelea kufungwa. Ila alama kwenye daftari zilianza kupungua kabla ya matokeo, na hiyo ndiyo ikawa habari ya kuwapa vijana. Mechi tuliyokuja kushinda ilikuwa mbaya kuitazama, kila mtu anakosa, hakuna danki hata moja, tumeshinda kwa sababu robo ya tatu mpira ulivuka nusu. Nani aliyefunga zaidi siku hiyo sikumbuki.

Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba timu ya chuo ikishafungwa saba imekufa, ivunjwe waanze upya mwakani. Kaka, saba ni nini? Kule California kuna chuo cha Caltech, cha wanasayansi, hakitoi ufadhili wa michezo kwa mtu yeyote. Timu yao ya kikapu ya wanaume ilifungwa mechi 310 mfululizo ndani ya ligi yao, tangu 1985. Februari 2011 wakawafunga Occidental 46 kwa 45, pointi ya ushindi ikatoka kwenye mtupo huru sekunde za mwisho. Mtupo huru, mkuu. Na chuo cha NJIT cha New Jersey msimu wa 2007/08 ilicheza mechi 29 ikafungwa zote, mkwamo ukafika mechi 51 kabla ya kuifunga Bryant Januari 2009. Desemba 2014 chuo hichohicho kikaenda kwa Michigan, timu iliyokuwa kwenye orodha ya bora za nchi nzima, kikaipiga nyumbani kwake 72 kwa 70. Wachezaji walikuwa wengine kabisa, najua, chuo wachezaji hawakai. Ila timu iliendelea kuwepo, hakuna aliyeivunja.

Kuhusu kocha. Msimamo wangu: asiguswe katikati ya msimu, labda awe hahudhurii au anakula nauli za timu. Vijana wa mwaka wa kwanza ndiyo kwanza wanaanza kuelewa anamaanisha nini akisema "zoni", yaani kukaba eneo badala ya mtu, mkimleta mwingine na maneno yake wanaanza sifuri. Lakini kuna jambo moja ukamwambie, wewe nahodha, kwa adabu, mkiwa wawili: kama ana tabia ya kumtoa mchezaji kila akipoteza mpira, aache. Kijana akishazoea kutolewa, akikosea kidogo tu macho yako benchi, na mpinzani anamwibia tena akiwa anaangalia benchi. Wetu alikuwa anamwacha uwanjani mashambulizi mawili zaidi, kisha anamtoa kwa kumpumzisha. Nadhani hiyo ilisaidia kuliko hotuba zote za mapumziko.

Mamluki, wachezaji wa kuazima wasio wanafunzi: najua mtashawishiwa, hasa mashindano ya vyuo yakikaribia. Kuna timu tuliwahi kucheza nayo ina "mwanafunzi" mwenye ndevu za mvi. Mtashinda mechi moja, mtakatiwa rufaa, na yule dogo wa mwaka wa kwanza aliyewekwa benchi kumpisha mamluki hatarudi mazoezini. Wazee wa timu waliohitimu watumieni kwa namna nyingine, waje mazoezini wawe ndiyo wale saba wa kuwapiga presi vijana. Kwanza wanapenda sana kazi hiyo.

Halafu angalieni kalenda. Linganisha tarehe za vipigo vyenu na tarehe za test. Mechi ya Jumamosi baada ya wiki ya test, na bumu limechelewa, vijana wamepiga pasi ndefu, yaani wanaruka milo, siku tatu, halafu mnashangaa robo ya tatu miguu imeisha. Sisi tulikuwa tunachanga, wali maharage na ndizi masaa matatu kabla ya mechi, kila mtu anakula hapohapo mbele yetu, maana ukimpa hela anaweka vocha.

Nikuulize maswali mawili nikusaidie zaidi. Namba moja wako akiwa benchi, nani anapandisha mpira? Na je, mnafungwa kwa kupitwa taratibu mechi nzima au kuna robo moja inayowaua? Ukiwa na ule ukurasa wa mechi ijayo upige picha uweke hapa, bila majina ya vijana. Kuna makocha wazuri wanapita kwenye uzi huu hawaongei, wakiona mchoro wataongea.