Ushuhuda wa kweli, mdomo wa mwigizaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza filamu ya makala kuhusu wajane walionyang'anywa mirathi na mashemeji. Mmoja wao, mwenye maelezo mazito kuliko wote, amekubali nitumie maneno yake ila hataki uso wake uonekane wala sauti yake isikike. Nimejaribu kumpiga picha gizani na kuibadilisha sauti kwenye kompyuta, anaonekana kama mtuhumiwa. Rafiki yangu anasema yuko Mbrazili aliyewapa waigizaji maisha ya watu halisi wayasimulie, na bado ikaitwa makala. Inaruhusiwa? Inafanywaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Rafiki yako anamsema Eduardo Coutinho, mwongozaji wa filamu aliyefariki Rio de Janeiro mwaka 2014, na filamu yenyewe ni Jogo de Cena ya 2007. Inaruhusiwa, ndiyo. Ila usikimbilie kuiga, kwa sababu shida yako siyo aliyokuwa nayo yeye.

Coutinho alitoa tangazo gazetini akiwaita wanawake wenye hadithi za maisha yao. Wakajitokeza 83. Juni 2006 akawarekodi 23 kati yao katika ukumbi wa Teatro Glauce Rocha, na Septemba akawaleta waigizaji wasimulie hadithi zilezile, kila mmoja kwa namna yake. Wengine ni nyota ambao Mbrazili yeyote anawajua: Marília Pêra, Andréa Beltrão, Fernanda Torres. Wengine hawajulikani kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo. Unamsikiliza mama fulani, machozi yanakulengalenga, kisha mwishoni anaitazama kamera na kusema kwamba hivyo ndivyo alivyosema yule mwanamke. Kumbe ni mwigizaji! Kuanzia hapo humwamini mtu tena.

Sasa tazama ufundi wake. Kila msimulizi ameketi jukwaani, amevipa mgongo viti vya watazamaji, kwa hiyo nyuma yake unaona safu zake, nyekundu na tupu. Mwenye hadithi na mwigizaji wanapata kiti kilekile, mandhari ileile, muulizaji yuleyule. Picha haikupi dalili yoyote ya nani ni nani. Waandaaji wengi wanakosea hapa: mhusika halisi wanampiga picha nyumbani kwake kwa mwanga wa dirishani, mwigizaji wanampeleka studio na taa tatu na vipodozi. Mtazamaji ananusa tofauti kabla neno la kwanza halijatoka.

Kipande ninachowaonyesha wanafunzi kila mwaka ni cha Fernanda Torres. Anaanza kusimulia, anasita, anarudia, anakwama, mwisho anakiri kuwa imemshinda, maana mhusika wa kubuni unaweza kumtengeneza utakavyo lakini huyu yupo. Mhariri mwingine angekitupa. Coutinho alikiacha.

Hakuupata ujasiri huo ukubwani tu. Alianza na filamu za kubuni. Katika Faustão ya 1971 alimchukua Falstaff, mhusika wa tamthilia za Shakespeare, akamgeuza jambazi wa nyika kame za Kaskazini-Mashariki mwa Brazili. Na kabla ya hapo, Februari 1964, alikuwa jimbo la Pernambuco akipiga filamu ya kuigiza kuhusu João Pedro Teixeira, kiongozi wa wakulima aliyeuawa 1962. Waigizaji walikuwa wakulima wenyewe, na mjane wake, Elizabeth, aliigiza nafasi yake mwenyewe. Jeshi likapindua serikali, upigaji ukakatika tarehe 1 Aprili. Coutinho alirudi 1981 na kuwaonyesha wakulima zile picha za zamani, akamkuta Elizabeth anaishi kwa jina la bandia katika mji mdogo wa jimbo la Rio Grande do Norte, watoto wake wametawanyika. Filamu iliyotokea, Cabra Marcado para Morrer ya 1984, ina vipande vya maigizo na vya uhalisia pamoja, na unajua wakati wote unatazama kipi. Elizabeth alilitaja jina lake la kweli kamerani kwa hiari yake.

Ndiyo maana nasema shida yako ni nyingine. Katika Jogo de Cena mwigizaji hamfichi mtu. Wenye hadithi wengi unawaona humohumo. Wewe unaficha. Kwa hiyo chukua kwake mpangilio wa picha, mchezo wake wa kumpoteza mtazamaji umwachie. Weka maandishi chini ya picha kabla mwigizaji hajafungua mdomo: maneno ni ya mhusika, msemaji ni mwigizaji. Yaache yakae hadi mtu asiyesoma haraka ayamalize.

Maneno yaandike kama yalivyotamkwa, pamoja na "eeh", sentensi zilizokatika na mahali aliponyamaza. Usimsafishie Kiswahili. Mwigizaji asimwige sauti wala asilie kwa sababu mwenyewe alilia. Ajifunze maneno na mapumziko, basi. Muulize maswali yaleyale, ukiwa umekaa palepale ulipokaa na wahusika wengine, ili macho yake yaelekee upande uleule. Maikrofoni iwe ileile pia. Sauti ya chumba tofauti inaumbua haraka kuliko picha.

Na hili usilipuuze: shemeji hahitaji uso wala sauti ili amtambue. Ukitaja minazi mingapi, mtoto wa ngapi alikuwa tumboni, mwezi gani msiba ulitokea, amekwisha kujua. Kaa na huyo mama na karatasi ya maneno yake, yeye mwenyewe akate kinachomtaja. Usibadilishe "minazi" kuwa "mikorosho" ili kupoteza njia. Ukibadilisha umeanza kubuni. Kata, usitie kingine. Kipande kikikamilika aone yeye kwanza, bila familia yake chumbani, na umwambie wazi kwamba anaweza kukizuia. Ridhaa yake irekodi, faili lake ulihifadhi mbali na kompyuta ya uhariri.