Swali la lugha: "Jeopardy" ni hatari ya namna gani?

SWALI: Nasomea sheria, na kila mara nakutana na "double jeopardy", pale mtu anaposhtakiwa tena kwa kosa alilokwisha kuhukumiwa. Kamusi yangu inasema jeopardy ni hatari, basi. Nikaandika "hatari maradufu", wenzangu wakacheka. Neno hili limetoka wapi, na Kiswahili chake ni kipi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Wana haki ya kucheka. Ukisema "hatari maradufu", mtu anafikiria lori la petroli lililokatika breki mlimani.

Neno hilo lilianzia mchezoni. Kifaransa cha kale kilikuwa na jeu parti, yaani mchezo uliogawanyika: pande mbili zimelingana na hakuna awezaye kusema nani atashinda. Hata mafumbo ya sataranji yaliitwa hivyo. Kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wameshalifanya lao, na maana ikawa inateleza kidogo kidogo, kutoka mchezo usiojulikana mwisho wake hadi hali ya kuweza kupoteza, kisha hatari yenyewe. (Ile "o" isikusumbue, haitamkwi.)

Mchezo na hatari ni ndugu wa siku nyingi. Hazard nalo lilikuwa jina la mchezo wa dado. Na hatari yetu tuliitoa kwa Waarabu, ambao khatar yao, mbali na maana tunayoijua, ni dau linaloshindaniwa. Sisi tulichukua hatari, maana ya dau tukawaachia wenyewe.

Leo Mwingereza akiongea barazani husema danger au risk. Jeopardy limebaki zaidi kwenye magazeti na mahakamani. Kwa hiyo ukitafsiri, jiulize kwanza ni kitu gani kinaweza kupotea. "Kazi yake iko hatarini" inatosha kabisa. Lakini kama kuna mtu aliyekiweka kitu hicho pabaya, waandishi wetu wa habari wana neno tamu zaidi: rehani. Dereva anayekimbiza basi usiku bila taa ameweka rehani roho za abiria. Hapo dau linarudi, na mwenye kuliweka anaonekana. Kama shaka ni ya matokeo tu, sema hatihati: "Safari ya timu iko hatihati." Hakuna anayekufa hapo, hatari ya nini?

Kwenye sheria, achana na neno, tafsiri kanuni. Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalitaja neno lenyewe: mtu asiwekwe mara mbili katika hatari ya uhai au kiungo chake kwa kosa moja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, haikulihitaji. Inasema mtu asishtakiwe kwa kitendo ambacho alikwisha kuachiwa huru au kutiwa hatiani kwacho. Nawe andika "kushtakiwa mara mbili kwa kosa lile lile". Ni maneno saba badala ya mawili, lakini hata mshtakiwa aliye kizimbani atayaelewa bila wakili.