Walikula, habari haikutoka

SWALI: Habari, dada. Kikundi chetu cha parachichi hapa Tukuyu kilialika waandishi 20 hotelini Mbeya mjini. Walikula, wakaondoka, hakuna kilichoandikwa. Tulikosea wapi?

JIBU: Shikamoo, mama. Nimeandika habari za kilimo miaka 11. Hotelini huwa napata hotuba tu. Safari ijayo alikeni watano, wale wanaofuatilia kilimo, waje shambani asubuhi, ukungu ukiwa bado. Ni kilomita 70 hivi, basi wabebeni wote kwenye Noah moja. Humo ndimo mazoea huanzia. Waacheni waongee na wachumaji, mwenyekiti asisimame pembeni. Chai na ndizi za kuchemsha zinatosha. Bahasha ya pesa msiwape waandishi, nakusihi sana: iliwahi kunifanya nikihame kikundi nilichokipenda.