Ma'mkubwa wako bado ananidai

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini ma'mkubwa wako kila akifika hapa Kamachumu husema mlangoni, "Nimekuja kudai changu," nami nacheka huku machozi yakinilenga. Nilikwepa kwa kuwa mumeo alikuwa anasikia. Haya, soma.

Kabla ya vita ya Amin tulikaa miaka kumi bila kusalimiana. Yeye alikwenda Kampala mwaka 1957, mimi nikiwa mtoto. Aliporudi alikuwa na cherehani na fedha, akanunua kibanja, shamba la migomba na mibuni, ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Bunazi, kwa jina lake mwenyewe. Wanaume wa ukoo wetu hawakulimeza hilo. Kwa mila ya wakati ule binti hakurithi kibanja cha baba yake, na huyu hata hakuwaomba. Kuhusu Kampala, watu walisema yale wasemayo juu ya wanawake wa Kihaya waliokwenda mjini, nami mwalimu, mke wa mwalimu, nikayaamini. Harusi yangu sikumwalika. (Naye si malaika. Kuna mchumba wangu wa kwanza aliyemfukuza kwa maneno yake, lakini hilo nitakusimulia tukiwa jikoni.)

Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Amin wakaingia. Ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kupelekwa Uganda, nyumba zikachomwa, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Ma'mkubwa wako alikuwa amevuka tayari, kichwani amebeba kichwa cha cherehani. Miguu yake ya chuma aliiacha. Alinikuta uani, akanipita. "Nimekuja kwa mama," akasema. Bibi yako alikuwa akiishi kwangu.

Tarehe 2 Novemba tulimsikiliza Mwalimu Nyerere redioni: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Majirani waliojaa sebuleni wakapiga makofi. Sisi wawili tulipiga pia, kila mmoja kwenye kona yake.

Mwezi huohuo senene wakashuka. Unajua zamani mwanamke wa kwetu alikamata senene, akanyonyoa, akakaanga, kisha aliyekula ni mumewe. Mimi niliacha ujinga huo mapema. Usiku tulizima taa kwa hofu ya ndege, tukanyonyoa kwa mwanga wa makaa, na bibi yako akatuweka kwenye kapu moja, makusudi nadhani. Sikumbuki tulianzaje. Nakumbuka nilivyosema: "Mimi baba alinisomesha kwa kahawa yake. Fedha ya Kampala sijaila."

Hakupandisha sauti. Alinyonyoa senene wawili watatu, ndipo akauliza, "Kahawa ya mwaka gani?"

Kisha akahesabu. Ada ya darasa la tano aliituma kwa kondakta wa basi. Ya la sita, kwa mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akija kumzika ndugu yake. Mwaka wangu wa kwanza chuo cha ualimu aliuza gomesi zake mbili, yale magauni ya Kiganda. Nikamgeukia bibi yako anikanushie. Hakuinua macho. "Baba yenu aliniapisha," akasema. "Hakutaka kijiji kijue fedha ile imetoka wapi."

Usifikiri nilimwangukia miguuni. Nilikasirika kuliko mwanzo, kwa sababu miaka kumi nilimdharau kwa Kiswahili changu kizuri, na Kiswahili chenyewe alikuwa amekinunua yeye. Alfajiri nikamchemshia maji ya kuoga. Akaniuliza nani kaniambia anataka maji. Akaoga.

Mwaka 1979 aliporudi Bunazi nilikwenda naye. Mabati yalikuwa yameng'olewa yote, na milango pamoja na fremu zake. Migomba ilikuwa imesimama, mibuni pia. Nikatoa akiba yangu ya posta, tukanunua mabati 20. Aliyahesabu mbele yangu, moja moja, mafundi wakisubiri juani. Akasema, "Hiyo ni ada ya darasa la tano. Bado."

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Ijumaa alikuja na fimbo yake, nikampa mkungu wa ndizi na samli kidogo. Akauliza, "Sasa uko darasa la ngapi?"

Nikamwambia la saba.

"Basi chuo hujaanza kulipa," akasema, akaomba chai.

Mama yako